Uzi: Chokaa ya Tanga na udongo wa Kilwa – kwa nini gamba moja limebaki kioo na jingine limegeuka sukari?

#1 ChokaaKiomoni

Wakuu, salaam.

Kila mada ya visukuku vya bahari (mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika mawemawe) ikiguswa, watu hukimbilia umri na ukubwa. Jiwe lina miaka milioni ngapi, mnyama alikuwa na urefu wa mita ngapi. Namna kisukuku kilivyohifadhika haizungumzwi, na hapo ndipo penye elimu nyingi kuliko pote. Pwani yetu ina mifano miwili inayofaa kuwekwa ubavu kwa ubavu.

Wa kwanza ni chokaa ya huku kwetu Tanga, jiwe la Kiomoni na la mapango ya Amboni. Imetokana na bahari ya zama za Jurasiki, enzi za dinosauria, maji yalipoingia katika ufa uliokuwa ukipanuka kati ya Afrika Mashariki na Madagaska. Ukilipasua jiwe hili unakutana na maumbo ya magamba na vipande vya matumbawe. Sogeza kioo cha kukuzia uone: umbo lipo, gamba lenyewe halipo. Mahali pake pamejaa fuwele nyeupe zinazometa, mithili ya sukari iliyoshikana kwa unyevu. Zile tabaka nyembamba alizozijenga mnyama mwenyewe zimefutika.

Wa pili ni udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, uliotuama baharini kuanzia kipindi cha Kretasia, kilichofuata Jurasiki, ukapita Eosini, hadi mwanzo wa Oligosini. Humo mna foraminifera, viumbe vya seli moja vinavyojijengea gamba la chokaa lenye vyumba, vingi vikiwa na upana wa nusu milimita au pungufu. Magamba hayo yamebaki angavu. Ukiliweka moja ndani ya tone la maji na kulimulika kutoka ubavuni, mwanga unapenya na unahesabu vyumba vya ndani kama unavyohesabu mbegu za papai changa lililokatwa.

Mwaka 2001 mwanasayansi Paul Pearson na wenzake waliyatumia magamba haya ya Tanzania kupima joto la bahari ya kale. Walipata kwamba uso wa bahari ya tropiki katika mwisho wa Kretasia na katika Eosini ulikuwa na nyuzi 28 hadi 32 za sentigredi, au zaidi. Kabla ya hapo vipimo vingi vilionyesha tropiki yenye ubaridi ambao haukuendana na ushahidi wa joto sehemu nyingine za dunia. Baadaye yakachorongwa mashimo kadhaa katika ukanda huo kwa ushirikiano na shirika la petroli la Tanzania (TPDC), na mwaka 2008 wataalamu wakaueleza udongo wa Kilwa kuwa hazina ya visukuku vidogo vya chokaa vilivyohifadhika kwa namna ya pekee.

Hoja yangu ni kwamba mwamuzi ni maji. Jiwe la Tanga limepitiwa na maji na ushahidi unaning'inia kwenye dari za Amboni. Yale mawe yanayochuruzika kama mishumaa ni chokaa iliyoyeyushwa kutoka kwenye mwamba huohuo. Udongo wa Kilwa haupitishi maji. Wenye ujuzi wa hadubini karibuni, nirekebisheni panapostahili.

#2 Bi_Hadubini

ChokaaKiomoni, hoja ya maji ni sahihi ila ushahidi wa Amboni umekuja kwa kuchelewa. Mapango yalichimbwa na maji ya mvua baada ya mwamba kuinuka nchi kavu. Wakati huo magamba mengi yalikuwa yameshaharibika zamani sana.

Magamba ya konokono wengi, ya kombe wengi, na matumbawe ya mawe ya kisasa, hujengwa kwa aragoniti. Aragoniti ni chokaa ile ile kikemia, ila fuwele zake zimepangwa kwa namna isiyo tulivu. Ikizikwa kwenye tope la chokaa lenye matundu, maji yaliyonaswa humo huiyeyusha polepole na kuweka kalsiti, chokaa yenye fuwele tulivu, mahali pake. Hiyo ndiyo sukari unayoiona. Kwa hiyo ukitaka kuona gamba lenye muundo wake wa asili katika chokaa ya Tanga, wapite konokono na matumbawe, uwatafute wanyama waliojenga kwa kalsiti tangu mwanzo: jamii ya chaza wanaoliwa, brakiopodi (wanyama wa bahari wenye magamba mawili), urumbu wa bahari na miiba yake. Jiwe ni hilo hilo na maji ni hayo hayo, lakini gamba la chaza bado lina kurasa zake na konokono aliye sentimita mbili pembeni amekwisha.

Foraminifera wanaoelea wana kalsiti, na hata hivyo sehemu nyingi za bahari kuu wamebadilika. Kiumbe ameishi juu, kwenye maji ya nyuzi 30. Akifa anashuka hadi sakafuni, kwenye maji yenye ubaridi zaidi. Huko, ndani ya tope linalopitisha maji, fuwele mpya ndogo ndogo huota juu ya gamba na ndani yake, nazo hubeba saini ya oksijeni ya maji baridi, yaani ule uwiano wa aina za oksijeni unaotumika kupima joto la kale. Maabara ikilisaga gamba lote pamoja, inapata wastani wa maisha ya juu na kaburi la chini. Ndiyo asili ya ile tropiki baridi ya bandia.

Dalili ya kuangalia kwa macho: gamba lililobadilika ni jeupe la kufifia kama unga wa muhogo, hata likilowa. Lisilobadilika linapitisha mwanga. Wengi hupanga visukuku kwa uzuri wa umbo, na hili linawapoteza. Gamba lenye umbo kamilifu linaweza kuwa limebadilika lote.

Udongo wa Kilwa umeokolewa na mambo mawili yaliyokutana. Chembe zake ni laini mno, maji hayana njia. Na haukuzikwa kina kirefu, kwa hiyo joto na mgandamizo havikupata nafasi ya kuanzisha fuwele mpya.

#3 MwlMuheza

Shikamoo Bi Hadubini. Maelezo haya yanafaa darasani moja kwa moja. Naomba hatua za kuosha udongo ili kupata foraminifera, kwa vifaa vinavyopatikana Tanga bila maabara kubwa. Shule ina hadubini za kawaida za biolojia. Na je, tukikuta tabaka jembamba la udongo katikati ya matabaka ya chokaa, linafaa kujaribiwa?

#4 Bi_Hadubini

Marahaba mwalimu. Tabaka la udongo katikati ya chokaa ndilo la kujaribu kwanza, kabla ya jiwe lenyewe. Wachimbaji hulitupa kwa sababu halina bei.

Chukua gramu 200 hadi 300. Gramu 100 zinatosha kwa jaribio la kujua kama kuna kitu. Ondoa ngozi ya nje kwa kisu, maana ina mchanga wa juzi na mizizi. Ikiwezekana chimba ndani zaidi ya mita moja kutoka usoni. Udongo wa aina hii huwa na piriti, madini ya chuma na salfa. Hewa na unyevu vikiifikia, inatoa asidi ya salfa, na asidi hiyo inakula magamba. Udongo wa kijivu cha bluu una matumaini. Ule uliogeuka rangi ya kutu au manjano mara nyingi umeshapoteza chokaa yake yote.

Kausha kabisa kwanza. Hapa ndipo watu wanapokosea kuliko hatua zote. Udongo mbichi ukitiwa majini unabaki donge, hata ukiuacha wiki. Uliokauka hadi ndani unavuta maji kwa nguvu, hewa iliyonaswa inasukumwa nje, na donge linavunjika lenyewe mbele ya macho yako kwa mlio mdogo kama wa soda. Jua la siku mbili juu ya sinia linatosha. Ukitumia oveni usizidishe nyuzi 50, maana mfinyanzi uliopikwa haulainiki tena.

Loweka kwenye ndoo kwa saa 12 hadi 24, maji lita mbili na magadi ya kufulia kijiko kidogo kimoja kwa kila lita. Ukitumia magadi ya mawe, yayeyushe pembeni na uyachuje kwa kitambaa kwanza, kwani yana mchanga wake na utakuja kuuhesabu kama sampuli. Magadi yanafanya kazi mbili: yanazitenganisha chembe za mfinyanzi, na yanayaweka maji upande wa alkali ili magamba yasiliwe. Kwa sababu hiyo hiyo, siki ni marufuku, ndimu ni marufuku, na usiyaache magamba usiku kucha kwenye maji ya mvua au maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri. Maji safi mno hufyonza hewa ya ukaa na kuwa asidi hafifu, na gamba lenye unene wa sehemu ndogo ya milimita halihitaji asidi kali.

Kisha mimina kidogo kidogo juu ya chekeche lenye matundu ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Tumia maji yanayonyunyiza kwa upole, kama ya keni ya bustani. Usisugue kwa vidole. Maji yanayotoka chini yakiwa maangavu kabisa, umemaliza. Kama bado kuna madonge madogo, usiyaponde. Kausha yote upya na urudie kuloweka. Mara ya pili huwa yanaachia.

Masalio yaliyobaki yahamishie kwenye karatasi ya chujio, kausha kivulini au chini ya nyuzi 50. Gramu 200 za udongo mzuri zinaweza kubakisha kijiko cha chai kimoja au pungufu. Usivunjike moyo kwa uchache wake.

Hadubini ya biolojia inamulika kutoka chini, nawe unataka mwanga wa juu. Zima taa yake, tumia lenzi ya mara 4 pamoja na kijicho cha mara 10, upate mara 40, kisha weka tochi ndogo ubavuni kwa mwinamo. Tandaza masalio kwenye karatasi nyeusi, tabaka moja la chembe, zisirundikane. Okota kwa brashi ya rangi namba 000 iliyoloweshwa ncha tu. Koleo la chuma litavunja kila kitu.

Halafu kuna uchafuzi kati ya sampuli na sampuli. Gamba moja lililonasa kwenye chekeche kutoka kazi ya jana linaweza kuharibu hitimisho la leo. Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi: baada ya kuosha chekeche, lizamishe kwenye maji yenye rangi ya methilini buluu, kisha lisuuze. Gamba lolote lililong'ang'ania matunduni linageuka bluu. Kesho ukikuta la bluu kwenye sampuli mpya, unalijua ni mgeni na unalitoa.

#5 FundiNgamiani

Naongezea kuhusu chekeche, maana la maabara lina bei kubwa. Kitambaa wanachotumia wachapa fulana ni wavu wa polista wenye vipimo vya uhakika na huuzwa kwa mita. Muulize muuzaji idadi ya nyuzi kwa sentimita na unene wa uzi. Hesabu ni nyepesi: sentimita moja ni mikroni 10,000. Nyuzi 100 kwa sentimita, kila nafasi pamoja na uzi wake ni mikroni 100. Uzi ukiwa na mikroni 40, tundu ni 60. Hilo linakaribia 63. Nyuzi 77 zenye uzi wa mikroni 55 zinakupa tundu la 75 hivi. Utapoteza magamba madogo ila makubwa utayapata.

Chukua bomba la plastiki la inchi nne, kata urefu wa sentimita 10, lisawazishe kwa msasa. Vuta kitambaa kikaze kama ngozi ya ngoma, bana kwa kipande kingine cha bomba kilichopasuliwa upande mmoja, au gundisha kwa gundi ya epoksi. Msiwe na haraka na gundi: ipakwe kwenye ukingo wa bomba, si kwenye kitambaa, la sivyo inapanda kwenye matundu na kuyaziba. Kitambaa kikilegea, matundu yanajivuta na kupanuka upande mmoja. Kila mwezi kichungulieni chini ya hadubini. Tundu moja lililochanika linamwaga sampuli nzima bila ninyi kujua.

#6 MvuviSahare

Wakuu, mmeandika sana kuhusu vidudu visivyoonekana na samaki wa Tanga mwenyewe hajatajwa. Silikanti si kisukuku kilichohifadhika kuliko vyote? Kingine: magamba na mifupa nimeelewa. Je, mnyama laini kama ngisi, pweza au kamba anaweza kubaki kwenye jiwe?

#7 ChokaaKiomoni

MvuviSahare, umeuliza vizuri. Silikanti wa kwenye jarife ni samaki hai, kwa hiyo si kisukuku. Kinachomfanya wa ajabu ni ukoo. Visukuku vya kundi lake vinarudi nyuma zaidi ya miaka milioni 400, kisha vinakatika karibu na miaka milioni 66 iliyopita. Wataalamu walidhani wameisha, hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini Desemba 1938, kwa macho makali ya Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho. Wa pili alisubiriwa hadi 1952, Komoro. Hapa Tanzania walianza kujulikana mwaka 2003 na kuendelea kupitia nyavu za maji ya kina, na hifadhi ya bahari ya silikanti ya Tanga ikaanzishwa mwaka 2009.

Ana nafasi yake katika uzi huu, tena nafasi kubwa. Uti wa mgongo wake hauna pingili za mfupa kama wa changu. Ni bomba la nyama ngumu lenye umajimaji ndani. Sasa chukua kisukuku chochote kizuri cha silikanti: utaona miiba ya juu na miiba ya chini imejipanga safi, na katikati, pale ambapo kwa samaki mwingine pangekuwa na mnyororo wa pingili, kuna mfereji mtupu. Kabla ya 1938 mfereji ule ulielezwa kwa makisio. Samaki hai ameonyesha wazi kilichokuwamo. Jina la kisayansi la kundi lake lenyewe maana yake ni mwiba wenye uwazi, na lilitolewa na Louis Agassiz kwa kutazama jiwe tu, karibu miaka mia moja kabla mtu hajamgusa aliye hai.

Jambo la kusikitisha: yule wa 1938, kwa kukosa barafu na dawa ya kutosha, matumbo yake yalitupwa ili ngozi iokolewe. Yaani hata silikanti aliyetoka majini siku ile ile alibaki sehemu ngumu tu, kama kisukuku cha kawaida. Sehemu laini zilisubiri hadi wa Komoro.

#8 DadaMikoko

Kuhusu nyama laini, jibu ni ndiyo, na hapa kuna imani moja inayorudiwa kila mahali ambayo si kweli: kwamba pasipo oksijeni hakiozi kitu. Kinaoza. Bakteria wasiohitaji hewa wanafanya kazi vizuri tu; nusa tope jeusi la mikoko utaamini. Maji yasiyo na oksijeni yanawazuia kaa, minyoo na samaki wasije kula na kufukua. Mzoga hauokoki kwa hilo peke yake. Unaokolewa na madini, tena kabla nyama haijaisha. Ni mbio za siku na wiki, mamilioni ya miaka hayahusiki.

Watafiti Derek Briggs na Amanda Kear walionyesha hili mwaka 1993 kwa kamba wadogo waliowekwa kwenye vyombo vyenye maji ya bahari na bakteria. Ndani ya wiki chache misuli ilianza kugeuka fosfeti ya kalsiamu (madini ya mifupa na meno), nyuzi zake zikionekana. Fosfeti ilitoka sehemu kubwa kwenye mwili wa kamba mwenyewe. Siri ilikuwa ufinyu. Chombo kikiwa kimefungwa, kuoza kunashusha alkali ya maji yanayouzunguka mzoga, na katika hali hiyo fosfeti inaota badala ya chokaa. Maji yakiwa yanapita huru, asidi inatawanyika na fosfeti inatawanyika nayo.

Mahali pengine madini ni tofauti. Kwenye mawe ya Hunsrück, Ujerumani, yenye takriban miaka milioni 400, ni piriti: bakteria walitoa salfaidi, tope lilikuwa na chuma kingi, vikakutana mwilini. Ndiyo maana miguu laini ya wanyama wale inaonekana kwa picha za eksirei bila jiwe kuguswa. Herefordshire, Uingereza, majivu ya volkano yaliwafunika wanyama wadogo miaka milioni 430 iliyopita, miili ikaoza, uwazi ukajazwa kalsiti. Jiwe na kisukuku vina rangi karibu moja na havitenganishwi, kwa hiyo wanasaga kila mikroni 20 hivi, wanapiga picha, wanasaga tena, kisha kompyuta inajenga umbo. Mwisho wa kazi mnyama wa jiwe hayupo tena, zimebaki picha. Ni gharama inayouma, lakini bila hivyo usingejua kwamba yumo.

Na Haqel na Hjoula, Lebanoni, kwenye chokaa ya Kretasia yenye takriban miaka milioni 95, kuna pweza wenye mikono minane na vinyonyeo. Pweza, ndugu yangu, ambaye kwenye soko la samaki la Deep Sea hadi jioni ameshaanza kulegea.

Mwalimu wa Muheza anaweza kuonyesha hatua za mwanzo kwa chupa tatu za plastiki za lita moja. Kila chupa kamba mbichi mmoja asiye na chumvi wala barafu, na maji ya bahari. Ya kwanza iachwe wazi. Ya pili ijazwe hadi mdomoni na kufunikwa. Ya tatu iwe na tope laini la mikoko sentimita 10, kamba afukiwe katikati, kisha maji. Angalieni siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na angalieni kama kuna asidi kwa karatasi ya litmasi. Kifuniko kilegezwe kidogo, maana gesi inaweza kuipasua chupa. Msitumie kioo. Mfungue nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa kuwa gesi yenye harufu ya yai viza ni sumu ikikusanyika ndani. Fosfeti hamtaiona bila vifaa vikubwa. Mtakachoona ni mpangilio: macho na matumbo yanatangulia, misuli inafuata, ganda linabaki la mwisho. Mpangilio huo ndio ufunguo wa kusoma kisukuku. Ukikuta jiwe lenye macho na matumbo ya kamba, ujue madini yaliwahi mapema sana.

#9 MvuviSahare

Nimeelewa sana, ahsante dada. Na kile kifundo cha jiwe cha mviringo, kama kiazi, kinachotoka kwenye udongo, ambacho watu wanasema kina samaki ndani? Kinapasuliwa kwa nyundo?

#10 FundiNgamiani

Nyundo iwe ya mwisho. Kifundo huundwa mapema: mzoga unaoza, kemia inayouzunguka inabadilika, madini yanagandisha tope kabla halijabanwa. Ndiyo maana samaki wa ndani hajabanwa bapa kama wa kwenye tabaka. Vifundo vya kaskazini mwa Madagaska vya mwanzo wa Triasiki, kipindi kilichotangulia Jurasiki, vina samaki wa namna hiyo, silikanti wakiwemo.

Kwa kuwa udhaifu wa kifundo unapita pale alipo mnyama, acha barafu itafute njia. Wanaookota vifundo vya Mazon Creek kule Illinois hutumia mbinu hii. Kiloweke kwenye maji siku tatu au nne kiyafyonze, kitie kwenye mfuko na maji kidogo, gandisha kwenye friza usiku mzima, kisha kiache kiyeyuke polepole. Rudia. Vingine vinafunguka mara ya tano, vingine vinataka mara 20 na zaidi. Kikionyesha mstari wa ufa kuzunguka, gonga mara moja kwa wepesi juu ya mstari. Ukigonga kabla, ufa unachagua njia yake na unamkata samaki kichwa.

Vipande vyote viwili vihifadhiwe pamoja na kupewa namba moja. Watu hutupa upande wenye alama tupu, na huenda ndio uliobeba magamba ya samaki.

Cha kuimarisha kisukuku kinachomeguka ni paraloidi B-72, aina ya plastiki ya wahifadhi, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, gramu 5 kwa mililita 100, ikapakwa mara mbili tatu nyembamba. Usitumie vanishi ya mbao, inageuka njano na haitoki. Gundi ya haraka nayo haina kurudi nyuma.

#11 Bi_Hadubini

Kwa jiwe la chokaa kuna njia ya asidi, lakini mkae nayo kwa adabu. Inafaa pale tu kisukuku ni cha fosfeti, yaani mifupa, meno, au vile viumbe vidogo vya Sweden vya Kambria, kipindi cha kale sana, alivyovitoa mtafiti Klaus Müller kwa kuyeyusha mawe. Gamba la chokaa litayeyuka pamoja na jiwe. Asidi ya asetiki asilimia 5 inatosha, na siki nyeupe ya dukani iko karibu na hapo. Kwanza kata kipande kidogo cha pembeni ukijaribu. Mfupa ulio wazi upake paraloidi na uache ukauke. Zamisha saa chache, toa, kisha suuza kwenye maji safi kwa muda mara tatu ya ule wa asidi. Kusuuza kwa haraka ndiko kunakoua kazi: chumvi ya asetati inabaki ndani ya mfupa, inakauka, inaota fuwele, na mfupa unapasuka baada ya mwezi ukiwa kabatini.

#12 ChokaaKiomoni

Niseme hili wazi kwa wote wanaosoma. Mapango ya Amboni hayaguswi, wala magofu ya Tongoni, ambako kuta na makaburi ya nguzo yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na mtu anaweza kutamani kubandua kipande. Kuchimba mabaki ya kale kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kutoa nje ya nchi vilevile. Kwenye machimbo yanayofanya kazi, omba ruhusa ya msimamizi, vaa kofia ngumu, na uokote kwenye lundo la mawe yaliyokwisha kupasuliwa, usikae chini ya ukuta.

Na kabla hujaokota: piga picha jiwe lilipo, weka kitu cha kipimo pembeni, chora mshale unaoonyesha upande wa juu, andika majira ya nukta (GPS) kutoka kwenye simu. Jiwe lisilo na anwani ni pambo la mezani. Machimbo yanasogea kila siku. Tabaka la udongo la leo mwakani limeshaingia kwenye tanuri, na hakuna atakayeweza kurudi kulitazama.

#13 MwlMuheza

Ahsanteni sana walimu wangu. Swali la mwisho: kwenye mfuko wa udongo uliohifadhiwa ukiwa mbichi zimeota sindano nyembamba zinazong'aa, urefu wa milimita mbili hivi. Ni miiba ya urumbu?

#14 Bi_Hadubini

Hapana mwalimu, hiyo ni jasi. Piriti imepata hewa na unyevu humo mfukoni, ikatoa asidi, asidi ikala magamba, na kalsiamu ya magamba ikaungana na salfeti ikawa hizo sindano. Ukitaka uhakika, ikwaruze kwa ukucha: jasi inakwaruzika, mwiba wa urumbu haukwaruziki. Mwiba pia una mistari iliyonyooka kwa urefu na kitako cha mviringo upande mmoja.

Udongo huo uusajili kama ulioharibika, usiutupe, wanafunzi wataulinganisha na mpya. Chukueni sampuli nyingine sehemu ile ile, ndani zaidi ya ile ya kwanza, na ianikwe siku hiyo hiyo kabla ya kufungwa mfukoni.